Mtumwa wa Bwana

Watu wakifika Nyumba ya Bwana, pale Kasingirima, kitu cha kwanza wanachouliza ni kama kuna choo. Cha pili ni kama mlango ule ni wa kweli. Nimewatembeza wageni ndani ya nyumba hii zaidi ya miaka ishirini na tano, na bado swali la mlango linanipandisha hasira. Mlango ni wa kweli. Ulichongwa pwani, ukabebwa vipande viwili na watu waliotembea kwa miguu hadi Ujiji, na hawakulipwa kitu. Hayo ya kutolipwa zamani nilikuwa siyasemi. Nilikuwa nasema mlango ulisafiri miezi mitatu, kana kwamba ulijitembeza wenyewe.

Nyumba ilijengwa na Mwinshehe bin Hamdani, mfanyabiashara wa pembe na wa chumvi ya Uvinza, enzi ambazo maji ya ziwa yalikuwa karibu na baraza lake. Ina ghorofa, ina roshani saba, ina ukumbi wenye sahani za kaure zilizopachikwa ukutani, na nyuma kuna ua wenye vyumba tisa vidogo visivyo na dirisha. Wazee wa Ujiji hawakumtaja mwenye nyumba kwa jina. Walisema Bwana tu, basi, na sisi tuliorithi nyumba tukarithi na neno. Bwana alipokufa Wajerumani waliitumia, wakaja Wabelgiji, Waingereza wakaigeuza mahakama, halmashauri ikatia humo magunia ya mbegu. Mwishowe serikali ikatundika kibao, ikaweka kiti cha mkata tiketi, ikaniweka na mimi.

Jina langu Leonida. Nimezaliwa Rusimbi, baba alikuwa fundi wa reli. Historia ya nyumba hii niliishika yote kichwani, mwaka kwa mwaka, chumba kwa chumba, na nilikuwa na maringo nayo. Mgeni akikosea tarehe nilimsahihisha mbele ya mke wake. Hapa Bwana alilala, hapa Bwana alikula, hapa Bwana alipokea wageni. Kwa siku moja nilitamka neno Bwana mara nyingi kuliko padri wa parokia yetu.

Mwaka ule wa tisini na sita paa lilianza kuvuja juu ya ukumbi, na ofisi ikatuambia wazi kwamba nyumba isiyo na mgeni wala paa itafungwa. Mkuu wetu, Mama Aikande, alikuwa ametoka Moshi, mwaka wake wa kwanza Kigoma, mwanamke mpole aliyesalimia kila mtu kwa jina. Yeye ikifungwa angehamishiwa kituo kingine. Mimi ningerudi Rusimbi kuuza dagaa na dada zangu, nami nilikuwa nimeshawasema sana dada zangu kwa kunuka dagaa. Tukaambiwa itakuja kamati kutoka Dar es Salaam pamoja na wafadhili wawili Wazungu. Wakipendezwa, paa litajengwa. Wasipopendezwa, tukabidhi funguo.

Ndio mwaka huo huo vita vilipowaka ng'ambo, na watu wakavuka ziwa kwa maboti. Walishuka Kibirizi wakiwa wamelowa, na magari ya wakimbizi yaliwachukua kutoka pale kwenda Kasulu, kambini. Mjini watu wenye adabu hawakusema wakimbizi. Walisema wageni. Bibi mmoja jirani yetu alilala sakafuni majuma mawili kwa sababu kitandani kwake kulikuwa na wageni.

Sasa kibao chetu cha nje, nilichokipendekeza mimi na kukiandika mimi kwa rangi nyeupe, kilisema hivi: KARIBUNI WAGENI. NYUMBA IKO WAZI KILA SIKU.

Jumatatu alasiri, siku moja kabla ya kamati, mvua ikianza kudondoka, aliingia mwanamke mtu mzima wa miaka kama sabini, na wajukuu wawili na furushi. Mkubwa alikuwa binti wa miaka minane hivi, mdogo alikuwa amebebwa mgongoni na alikuwa na homa, uliona kwa macho yake. Yule mama aliwavusha watoto kizingiti, akanisalimia, akanishukuru kwa makaribisho. Nikamuuliza makaribisho gani. Akanionyesha kibao. Alikuwa amekisoma herufi kwa herufi barabarani, akawaambia watoto kwamba hapa wametufikiria.

Nilicheka. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, nilicheka mbele yake, halafu nikamweleza kwamba wageni wanaosemwa pale ni wageni wa kutembelea, wenye tiketi. Alinisikiliza hadi mwisho. Aliomba radhi kwa kutoelewa, akaanza kumfunga mtoto upya mgongoni. Mama Aikande ndiye aliyetoka ofisini na kusema mvua hii hapana, wakae kwenye vyumba vya uani mpaka ikate. Hivyo wakalala katika chumba kimojawapo cha vile tisa, walimolala watumwa, na mimi nikawapelekea turubai nikiwa nimenuna. Nikamwagiza yule mama kwamba kesho kuna watu wakubwa, asitoke, watoto wasilie.

Kamati ilifika saa nne asubuhi. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Nikodemu, mtu wa makamo mwenye fimbo asiyoihitaji, na wale Wazungu wawili, mume na mke, walibeba kamera. Nilisema vizuri kuliko siku zote. Hawakupendezwa. Niliona wazi: mama wa Kizungu alikuwa akitazama saa, na Mzee Nikodemu aliuliza tu mara tatu kama vipo vitu vya Bwana mwenyewe, upanga, barua, chochote. Hatukuwa na kitu. Sahani zile za kaure nusu yake ziliwekwa na Waingereza. Tukashuka uani mimi nikiwa nimeshajiona na ungo wa dagaa kichwani.

Yule mama alikuwa nje. Mvua ilikuwa imekata, naye alikuwa anaanika nguo za watoto juu ya kamba, amevaa kitambaa cheupe kichwani. Alipotuona akaacha kuanika, akasimama wima na mikono yake miwili mbele, na wajukuu nyuma yake mlangoni mwa kile chumba. Mzee Nikodemu akamwamkia kwa heshima, akamuuliza yeye ni nani katika nyumba hii.

Walioabudu na watu wa Fizi na Uvira, kule Zaire ng'ambo ya ziwa, wanajua desturi yao. Mgeni kanisani anainuka, anajitambulisha mbele ya wote, na kuna namna ya kusema. Yule mama alijitambulisha kwa namna hiyo. Alidhani, nafikiri, kwamba wale ni watu wa misaada, na kwamba ni vizuri wajue yeye ni mtu wa kanisa.

"Mimi ni mtumwa wa Bwana," akasema. "Mama yangu naye alikuwa mtumwa wa Bwana. Nilizaliwa katika nyumba ya Bwana, na mpaka leo Bwana hajaniacha."

Nilikuwa nimetoka kumjaza Mzee Nikodemu neno Bwana masikioni kwa saa nzima. Akavua kofia yake, kisha akanigeukia.

"Alizaliwa humu ndani? Mama yake alikuwa mtumwa wa nyumba hii?"

Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa utotoni. Nilielewa tangu neno la kwanza. Nilijua ni Bwana yupi. Nilijua pia hesabu hazikubali, kwa sababu alipozaliwa mwanamke yule Bwana wetu alikuwa ameshaoza kaburini na ukumbini wanakaa mahakimu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema hapana, mzee, huyu ni mlokole kutoka Zaire, ameingia jana kukwepa mvua.

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Nilisema kwa Kiswahili, mbele yake. Kisha nikawageukia Wazungu nikawaeleza kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza nikaongeza: kwamba alivushwa ziwa akiwa mdogo, kwamba vita vimemrudisha, kwamba amechagua chumba kile kile cha mama yake. Sikujua kama ninayo maneno hayo. Yalikuja. Mama wa Kizungu alilia, mumewe akapiga picha: bibi amesimama mbele ya mlango mdogo, mikono mbele, kitambaa cheupe. Yule mama alikuwa ananitazama mimi, hakutazama kamera. Nilijiambia hajaelewa. Niliona uso wake na nikajiambia hivyo hivyo.

Jioni Mama Aikande aliniuliza kama ni kweli. Hakuwa na ubaya. Alisema yeye ni wa kuja, mimi ndiye mwenyeji, ninajua. Nikamwambia ni kweli, wazee wa Ujiji wanaijua habari ile. Alifurahi sana. Akasema basi mama huyo akae, kesho kutwa akiwa na nafasi ataketi naye, amwandikie habari yote tangu mwanzo.

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Wangeketi dakika tano tu, na neno kanisa lingetamkwa, na mambo yangu yangeishia pale. Sikulala vizuri usiku huo wala uliofuata, na asubuhi ya tatu, Mama Aikande akiwa benki, nilikwenda mwenyewe kwa mguu hadi walipokuwa wanaegesha magari ya wakimbizi. Nikawaambia kuna familia imejificha kwenye jengo la serikali. Nilitumia neno hilo, imejificha. Gari likaja. Mtoto mdogo alikuwa bado na homa. Yule mama alikunja turubai langu vizuri, akanirudishia, akapanda. Binti alikuwa ananiangalia juu ya ubao wa gari mpaka walipokata kona. Mama Aikande aliporudi nikamwambia wameondoka wenyewe, wakimbizi hawatulii.

Paa lilijengwa mwaka uliofuata. Ni paa zuri, halijavuja tena. Pamoja nalo wafadhili walituma ile picha, kubwa, ndani ya fremu ya kioo, wakaomba tuiandikie maneno chini. Mama Aikande akanipa kazi hiyo kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua habari. Niliandika: BINTI WA MTUMWA WA BWANA, ALIYERUDI NYUMBANI. Jina lake sikuliandika kwa sababu sikuwa nalo. Sikuwahi kumuuliza.

Na picha ikawa ndiyo nyumba. Watu walikuja kwa ajili yake, wanafunzi, watalii, maaskofu, waziri mmoja. Mlango uliobebwa miezi mitatu ukawa unapitwa tu. Mimi nilikuwa nasimama mbele ya fremu, nashusha sauti, naweka mikono miwili mbele kama alivyoiweka, nasema maneno yake kwa lafudhi ya Fizi. Niliipata kabisa, mpaka watu wakawa wanatoa leso. Mama Aikande alipohamishwa aliniandikia barua ya kunisifu, nikapewa ukuu wa kituo kwa sababu ya barua ile. Dada zangu walikuja siku hiyo na dagaa wa zawadi, waliokaangwa. Nikawala.

Mtu anaweza kuzoea. Sisemi kwamba niliteseka kila siku, ningekuwa naongopa tena. Kuna miezi mizima nilisahau kwamba habari ile ilikuwa na mwenyewe.

Mwaka wa kumi na saba tangu siku ile, siku ya katikati ya juma, alikuja msichana peke yake. Mwenyewe nilikuwa kwenye kiti cha tiketi. Nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu, mwenyeji au mgeni, kwa sababu bei ni mbili. Akasema mgeni. Alikuwa nadhifu, viatu vimepigwa rangi, mkoba umeshikwa kwapani. Nikamtembeza. Chumba cha kulala, ukumbi, roshani, na hakuuliza habari ya choo wala ya mlango. Tulipofika mbele ya picha nikashusha sauti, nikaweka mikono mbele, nikasema yote. Mimi ni mtumwa wa Bwana. Mama yangu naye alikuwa mtumwa wa Bwana. Nilipomaliza nikangoja leso.

Alikuwa amesimama tu. Kisha akaniambia kwamba lafudhi nimeipatia.

Jina lake Erica. Alikuwa anafundisha darasa la tatu kambini, na alikuwa na kibali cha siku tatu cha kuja kumwona daktari Kigoma. Mwenzake aliyewahi kufika hapa ndiye aliyemwambia kuna picha, akamweleza mlango mdogo na kitambaa, naye akajua. Aliyasema haya polepole, kama anavyosema mwalimu na mtoto mgumu wa kuelewa, wala hakupandisha sauti hata mara moja. Mimi nilikuwa nimeshamtambua. Lilikuwa jicho lile lile la juu ya ubao wa gari.

Bibi yake aliitwa Debora Asende. Alikuwa shemasi katika kanisa lao na mwalimu wa watoto, miaka arobaini. Aliyemzaa alikuwa mke wa mlinzi wa kanisa, na chumba chao kilikuwa kimeungana na kanisa, ndio maana alizoea kusema amezaliwa katika nyumba ya Bwana. Watoto walimtania kwa neno hilo. Alifariki kambini mwaka wa elfu mbili na nne. Yule mdogo aliyekuwa na homa alipona, sasa ni kinyozi.

Nilikaa kwenye ngazi. Nikamwambia Erica kwamba nilielewa siku ile, kwamba sikukosea, nilielewa na nikasema ndiyo. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote, wala padri. Nilitaka anitukane. Nadhani nilitaka sana anitukane, ili iwe imekwisha.

Akasema bibi naye alielewa. Alielewa pale pale, swali lilipoulizwa kwa Kiswahili na mimi nikajibu kwa Kiswahili.

"Alinyamaza kwa sababu yetu," Erica akasema. "Alifikiri akikubishia utatutoa, na mdogo wangu alikuwa anaungua. Tulipofika kambini, kanisa lilipoanzishwa chini ya miti, alisimama Jumapili ya kwanza akatubu mbele ya watu. Akasema ameliuza jina la mama yake kwa kulala siku mbili pakavu."

Aliendelea kwamba bibi aliutaka ushemasi uondolewe kwake, na wazee wa kanisa wakakubali, maana kosa alikuwa amelisema kwa mdomo wake mwenyewe. Miaka nane aliyobakiza aliketi benchi la nyuma. Hakuvaa tena kitambaa cheupe.

Nikahesabu nikiwa pale kwenye ngazi. Mwaka ambao yeye alikaa benchi la nyuma ni mwaka ambao mimi nilisimama mbele ya waziri nikimwigiza. Aibu iliyokuwa yangu aliichukua yeye, akaibeba kambini, akazikwa nayo, na mimi nikabaki na paa. Nimeona aibu nyingi maishani, za kuanguka sokoni, za mume kuondoka. Hii ilikuwa na uzito mwingine. Nilishindwa kumtazama msichana usoni, nikawa natazama viatu vyake.

Ndipo akasema alilolijia. Walikimbia bila kitu. Hawakuwa na picha yoyote ya bibi, hata ya kitambulisho, na mdogo wake kinyozi hakumbuki uso. Aliomba picha.

Ni mali ya ofisi. Kwa kawaida ningemwambia aandike barua, na niliifungua midomo kabisa kusema neno barua. Nikaifunga. Nikapanda juu ya kiti, nikaishusha fremu, nikatoa misumari ya nyuma kwa kisu cha jikoni mbele yake. Picha nikampa. Ile karatasi ya maneno iliyokuwa chini yake nikaanza kuikunja niichane, na kwa mara ya kwanza alinishika mkono.

"Picha ni yetu," akasema. "Maneno ni yako. Yarudishe ukutani."

Hakuwa na hasira. Alisubiri mpaka nikayaweka ndani ya fremu, nikagongelea misumari, nikaitundika pale pale, kioo kitupu na mstari wangu chini. Akaweka picha ndani ya mkoba katikati ya madaftari, akaniambia shikamoo kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, akaenda zake. Nilichelewa kumwitikia. Alikuwa ameshafika barabarani.

Ofisi niliwaandikia barua nikasema nimeigawa picha, na sababu. Hawajajibu hadi leo, na fremu iko pale. Kila anayepita anauliza, kwa sababu mtu hawezi kuona maneno yale chini ya kioo kitupu asiulize. Picha iko wapi. Alikuwa nani. Na mimi namtaja Debora Asende, shemasi na mwalimu, mgeni aliyesoma kibao chetu akakiamini, na naeleza nilichofanya na gari nililoliita. Wengine wanaondoka bila kuaga.

Hiyo ni siku nikiwa na nguvu. Siku nyingine, wakiwa wengi, au wakiwa wakubwa, nawaambia picha imepelekwa kusafishwa. Jana nimesema hivyo mara mbili.